Sifuri Sita za Njia ya Kumi na Moja

Mchungaji, ukoo wa Niittyvuopio na ukoo wa Pieski, majirani wa Vuomajoki, wafanyakazi wa kituo cha utafiti, na wageni mliotoka kusini kwa barabara hii mbaya, mimi ni Niila, mtoto wa Marjut, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu nina sauti kubwa kuliko ukoo mzima, si kwa sababu ya elimu, maana shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita na shule yenyewe haikulia. Kabla sijafungua karatasi nasema jambo moja, na najua nusu yenu hamtaliamini, kwa kuwa nimesikia mnavyonong'ona dukani tangu Novemba: mama yangu mkubwa, katika miaka arobaini na mitano ya kutunza takwimu za nchi hii, za theluji yake na barafu yake, za ndege wake na panya wake, hakuwahi kuacha kazi yake bila kuifanya, hata siku moja. Asiyeamini aendelee kunywa kahawa na asubiri, leo sikuja kubembeleza mtu.

Marehemu Rauna Elle Niittyvuopio alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 3 Machi 1957, hapa hapa Vuomajoki, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Piera Pieski, mfugaji wa kulungu, na mkewe Elle, na bibi alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo theluji ilifika kwenye kioo cha dirisha, sentimita tisini na nne kamili, jambo ambalo marehemu alilipinga maisha yake yote, akisema hakuna aliyepima, kwa hiyo theluji ya siku aliyozaliwa haijulikani, na anayesema anaijua anapiga porojo.

Mwezi Agosti 1964 alipelekwa shule ya bweni, kilomita sitini kutoka nyumbani, ambako watoto wetu walikatazwa kusema lugha ya kwao hata wakiwa wanalia, naye, kwa miaka saba aliyokuwa nayo na bila mtu wa kuzungumza naye, akaanza kuandika namba: kila asubuhi alichomeka rula yake ya mbao kwenye theluji chini ya dirisha la bwalo, akaandika kipimo nyuma ya daftari la hesabu, na siku nne alizofungiwa ndani kwa homa hakubuni kitu, aliweka vistari vinne. Daftari lile liko pale mezani, pembeni ya picha yake, mkimaliza supu nendeni mkalione, ila mnawe mikono kwanza, hasa wewe mzee Aslak. Alimaliza sekondari mjini Ivalo mwezi Mei 1976, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumsomesha zaidi, akarudi kumsaidia mama yake.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa na Kituo cha Utafiti cha Vuomajoki, si kama mtaalamu, aliajiriwa kufagia na kupika, na mwaka wa pili, akipangusa vumbi kwenye rafu, akafungua daftari la hali ya hewa la Januari 1969 na kukuta siku tisa ambazo mtu alisahau kuandika alama ya chini ya sifuri, kana kwamba katikati ya kiza cha majira ya baridi watu wa Vuomajoki walitembea na mashati, akampelekea mkuu wa kituo wa wakati huo, ambaye alimcheka kwanza, halafu akaenda kuangalia, halafu akaacha kucheka. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1979 alikabidhiwa kumbukumbu zote, madaftari na makabati, na baadaye kompyuta, na hakuna aliyemwona tena na ufagio isipokuwa nyumbani kwake.

Sheria zake zilikuwa tatu, na kila msomi aliyetua hapa na digrii zake alifundishwa upya kama mtoto wa chekechea: andika kwa penseli, kwa sababu wino huganda, usifute kitu, ukikosea kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke, andika la kweli chini yake na uweke jina lako, na usichanganye sifuri na kistari. Sifuri maana yake nilikwenda, nikatafuta, sikukuta kitu, na kistari maana yake sikwenda, na wasomi waliokuwa wanaona haya kuandika kistari aliwaambia kwa sauti ile yake ya taratibu, "Kistari si aibu. Aibu ni sifuri ya mtu aliyekaa." Mwaka 1993 zilipoletwa kompyuta, mashine ikajaza sifuri yenyewe kila ilipokuta pengo, na marehemu akatumia majira mawili ya baridi kuziondoa moja moja, zaidi ya elfu kumi na moja, huku wenzake wakimwambia hakuna atakayejua, naye akiwajibu kwamba kulungu watajua.

Marehemu alifunga ndoa na bwana Oula Niittyvuopio tarehe 14 Julai 1984, na harusi ilichelewa kwa dakika arobaini kwa kuwa saa mbili asubuhi bibi harusi alikuwa mtoni na mabuti ya mpira akisoma kina cha maji, na Oula akamwambia mchungaji aanze na namba ya mto, maana bila hiyo hatasikilizwa. Walibahatika kupata watoto wawili, Inga, aliyezaliwa mwaka 1986, na Antti, aliyezaliwa mwaka 1989, ambao wote wako nasi hapa, na walilea kwa upendo na kwa kelele, kwani Oula alikuwa mtu wa mizaha na marehemu alikuwa mtu wa kumsahihisha katikati ya mzaha.

Tarehe 19 Novemba 2009 Oula alizama, na mnajua alivyozama, lakini wageni hawajui, kwa hiyo nitasema. Kwenye kivuko kuna ubao wa kituo unaoandikwa unene wa barafu, na wiki ile marehemu alikuwa hospitalini akimuuguza bibi, akamwachia kazi mwingine, ambaye, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na upepo mkali, hakushuka mtoni kutoboa barafu, akanakili namba ya wiki iliyopita, na Oula, aliyeziamini namba za kituo kwa kuwa alikuwa analala nazo chumba kimoja, akapitisha pikipiki yake ya theluji juu ya barafu ambayo maji yalikuwa yameshaila kwa chini. Marehemu aliporudi kutoka mazishini alikwenda ofisini na nguo zake nyeusi, akaikata namba ile kwa mstari mmoja na kuweka kistari, na mama yangu alipomuuliza aliyeiandika ni nani, ili walau ukoo ujue, alimjibu, "Jina lake halina safu, Marjut." Mpaka leo hatumjui, na huenda yuko humu ndani anakula keki.

Sasa nifike kwenye mambo yaliyomuua, maana karatasi ya hospitali inasema kongosho, nami sikatai, lakini mimi nilimwona.

Kituo kina njia kumi na moja za mitego ya kuhesabu panya wa milimani, wale wafupi wanene wasio na mkia wa maana, ambao wakiwa wengi bundi weupe hutaga na mbweha hunenepa, na wakipotea kila kitu hukonda, na hesabu hiyo hufanyika kila Juni na kila Septemba tangu 1979. Njia ya kumi na moja ndiyo ya mbali, nyuma ya mto Njalla, na miguu ya marehemu ilipochoka, baada ya kuifunga mitego ya njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe Septemba 2020, iliachiwa mtu mwenye pikipiki ya magurudumu manne na mgongo mzima, yaani mimi. Mnakumbuka nilivyokuwa nikijisifu pale dukani: watu wazima wanalala huko siku tatu, mimi napanda asubuhi kukagua mitego na kurudi ndani ya saa nne, na hakuna mwanaume kati yenu aliyewahi kunifikia. Majira sita, kuanzia Juni 2021 hadi Septemba 2023, njia ile ikatoa sifuri sita.

Marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba kuna kitu hakikai sawa, kwa sababu katika kabati jingine, la ndege, kiangazi cha 2022 mlima ule ule una kiota cha bundi mweupe na makinda matano, na bundi halei makinda matano kwa upepo. Makao makuu ya takwimu kusini nayo yakaona, na tarehe 23 Oktoba 2023 daktari Lehtovirta, yule pale mwenye koti la kijivu, akaandika barua kwamba hesabu ya njia ile isimame kwanza, kwamba ama bundi ni wa uongo ama panya ni wa uongo, na lisipojulikana ni lipi mpaka tarehe 30 Novemba 2024, takwimu zote za Vuomajoki tangu 1979, miaka yote arobaini na mitano, zitahifadhiwa chini ya alama ya kutotegemewa na mtu asizitumie tena. Yaani kila asubuhi ya maisha yake, pamoja na ile ya harusi.

Kuanzia hapo marehemu hakupumzika. Aliwashuku bundi, akahesabu upya picha za kiota, akawashuku mbweha, akashuku maji, ugonjwa, chambo, chuma cha mitego, akaandika barua kwa watu wa nchi tatu, akatoa madaftari yote na kuyatandaza sakafuni mpaka Inga akawa anaruka kwenda jikoni, alishuku kila kiumbe cha kaskazini isipokuwa kimoja. Mwezi Februari 2024 alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akaficha, na tarehe 11 Aprili madaktari wakamwambia ni saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa, naye akawauliza swali moja tu, kama atafika Novemba, wakadhani anauliza kuhusu siku ya kuzaliwa ya mtu.

Alikonda mpaka saa ya mkononi ikawa inazunguka. Nilipomletea samaki alisukuma sahani na kunionyesha zile sifuri kwa ncha ya penseli, akaniomba nimsimulie tena, kila kituo cha njia ile, jiwe kwa jiwe, nami nikamsimulia, na akaandika yote.

Tarehe 12 Septemba 2024 aliamua kwenda mwenyewe, na kwa kuwa pikipiki yangu ilikuwa mbovu siku hiyo, alikwenda kwa miguu, kilomita tisa, akisindikizwa na mzee Aslak, ambaye ana miaka sabini na mmoja na magoti mawili ya chuma. Mzee anasimulia kwamba pale kijitoni alimwambia, "Wewe Rauna, mgonjwa hivi unakwenda kuhesabu panya?" naye akamjibu, "Panya hawajui kama naumwa. Vuka, unanichelewesha." Walilala kwenye kibanda cha wafugaji, wakafika kwenye njia ya kumi na moja kesho yake mchana, na marehemu akatembea kwenye vituo vinne tu, akaketi juu ya jiwe, akaomba kahawa, akainywa yote, halafu akauliza, "Aslak, umeona nini hapa?" Mzee akasema ameona mitego. "Umeona mitego basi," akasema. "Usiongeze."

Tarehe 16 Septemba alipeleka daftari kusini, na kwenye safu ya njia ya kumi na moja sifuri zote sita zimekatwa kwa mstari mmoja mmoja, chini ya kila moja kuna kistari, na pembeni, kwa mkono wake, kumeandikwa: Haikupimwa. Mtunza takwimu hakutuma mtu. R. N. Makao makuu yakaridhika, bundi wakawa wa kweli, miaka arobaini na mitano ikaokoka, lakini jina lake likaondolewa kwenye ukurasa wa mbele wa ile ripoti kubwa ya takwimu za miaka hiyo yote, aliyoisubiri nusu ya maisha yake, kwa kuwa amekiri uzembe, na ninyi mkapata la kusema dukani, kwamba kumbe hata Rauna, kumbe miaka yote ile, kumbe naye.

Hali yake ilibadilika wiki ya Krismasi, akalazwa katika kituo cha afya tarehe 9 Januari 2025, na mauti yakamfika siku ya Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa mkononi mwa Inga. Saa mbili kamili Inga alitoka nje akasoma kipimajoto, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, akaandika, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu na kumvumilia alipokuwa akisahihisha chati yao ya homa, inawashukuru majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda kwa siku mbili na moto, inawashukuru wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, na inamshukuru mzee Aslak kwa magoti yake. Karatasi niliyopewa inaishia hapa, imebaki ile kauli ya kumuaga ambayo wote mnaijua, na sitaisema bado, kwa sababu kuna sehemu niliiruka, na mama akikasirika atanikasirikia nyumbani.

Pikipiki yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa banda la nyuma, imejaa mafuta, nami nilichomoa waya mmoja nikauweka mfukoni, kwa sababu nilijua angekuta nini kule.

Hakuna mtu anayemaliza njia ya kumi na moja kwa saa nne, ninyi wanaume mlionishangilia mngepiga hesabu mngejua. Juni ya kwanza, 2021, mto Njalla ulikuwa umefurika, sikuweza kuvuka, na hapo ningeandika kistari na mambo yangeishia hapo, yeye mwenyewe angenimiminia kahawa na kuniambia nimefanya vizuri, lakini nilishajisifu dukani, nilishasema mimi si wale wanaorudi. Nikakaa kwenye kibanda, nikakaanga samaki, nikaandika sifuri. Mara ya pili mto ulikuwa chini, ila nikaogopa kwamba nikikuta panya wengi watauliza wametoka wapi ghafla, na sifuri moja ikataka mwenzake, mpaka zikawa sita. Na nilijua Oula alikufa kwa nini. Nililelewa kwa hadithi hiyo kama ninyi mlivyolelewa kwa maziwa.

Mzee Aslak ameniambia juzi, tukichimba, kile alichokatazwa kuongeza: mitego ilikuwa bado imefungwa mafungu mafungu kwa uzi mwekundu wa glavu zake, fundo ni lile lile alilofunga kwa mkono wake Septemba 2020, na kuvu la mawe limeshaanza kutambaa juu ya uzi. Kwa hiyo aliketi pale juu ya jiwe, akajua, akanywa kahawa yake, akarudi kilomita tisa na tumbo lile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaandika uongo. Alituma mtu. Alinituma mimi, mara sita.

Na tarehe 14 Januari nilipokwenda kumwona, alifungua macho akaniuliza, "Niila, ukikuta Njalla imefurika, unaandika nini?" Nikasema, "Kistari, mama mkubwa." Akasema, "Basi." Aliendelea kunitazama, nafasi ilikuwa wazi, nami mwenye sauti kubwa kuliko ukoo mzima nikasema ngoja nikapashe injini moto, nikatoka, na sikumwona tena akiwa macho.

Daktari Lehtovirta, daftari hili hapa, Inga ameniruhusu. Maneno yake ya pembeni nimeyakata kwa mstari mmoja, yanasomeka, sikufuta kitu, na chini yake nimeandika kwa penseli: Alitumwa, hakwenda, aliandika akiwa amekaa. Niila, mtoto wa Marjut, tarehe 8 Februari 2025. Jina lake lirudisheni kwenye ukurasa wa mbele, langu nimelitafutia safu mwenyewe.

Sasa pumzika, mama mkubwa.